Mcheza kwao hutunzwa, mbona wasanii wetu hutuzwa kisha wakasahaulika?

OKTOBA 20, 2016, Wakenya walipokuwa wakiadhimisha Siku ya Mashujaa, habari zilienea kwamba mwanamuziki Achieng Abura ameaga dunia katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi.

Hakuwa msanii mchanga. Mnamo 2004 alitawazwa msanii bora wa kike wa Afrika Mashariki katika Tuzo za Kora nchini Afrika Kusini, heshima aliyogawana na Tsedenia Gebremarkos wa Ethiopia. Vijana waliopitia shindano la Tusker Project Fame walimfahamu kama mwalimu aliyewanoa sauti.

Hata hivyo, kabla ya kifo chake alikuwa amejitokeza hadharani kuwaomba Wakenya wamsaidie kugharamia matibabu ya mwanawe. Mshindi wa tuzo ya bara zima alilazimika kutegemea mchango wa umma, kama mtu ambaye hajawahi kuitumikia nchi kwa lolote.

Mwaka mmoja awali, mnamo Julai 2015, taifa lilikuwa limempoteza Benson Wanjau, aliyejulikana na wengi kama Mzee Ojwang' wa kipindi cha Vitimbi. Kwa miongo kadhaa alivunja mbavu za watazamaji kila jioni ya kipindi hicho. Macho yake yalipoanza kufifia uzeeni, ni wahisani waliochanga fedha ili atibiwe.

Visa hivyo viwili si vya kipekee. Kila mara msanii mkongwe anapougua, mtindo huwa ule ule. Picha yake husambazwa, nambari ya simu ya kutuma mchango hutolewa, na baada ya mazishi viongozi hushindana kumsifu. Kisha kimya hutawala hadi mwingine atakapougua.

Swali linaloibuka ni hili: Je, nchi inapompa msanii tuzo, nishani au cheti, huwa imemfanyia nini hasa?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo ilitokana na desturi halisi. Katika ngoma na taarabu za Pwani, mshabiki aliyeguswa na wimbo huinuka na kumfikishia mwimbaji fedha pale pale jukwaani. Kwa Waluo, anayetaka kujisifu kwa pakruok hutoa chochote kwa mpiga nyatiti kabla muziki haujasitishwa ili asikike. Sifa na riziki zilikwenda pamoja.

Si ajabu, basi, kwamba katika Kiswahili neno tuzo lina udugu na vitenzi kutuza na kutunza. Kumtunza mtu ni kumpa zawadi, na pia ni kumlea na kumwangalia. Inavyoonekana, Kenya ya leo imeshika maana ya kwanza na kuiacha ya pili.

Tuzo zinazozimika

Tuzo za muziki na uigizaji hazijakosekana humu nchini. Tuzo za Kisima zilianzishwa 1994, zikalala, kisha zikafufuliwa 2003 wakati muziki wa kizazi kipya ulipokuwa ukishika kasi. Kwa miaka kadhaa zilikuwa ndizo kipimo cha aliyefaulu na aliyeshindwa. Baadaye zilififia, na vijana wanaoimba leo huzisikia tu zikisimuliwa.

Tusker Project Fame, lililoanza 2006, lilikuwa na faida moja ambayo tuzo nyingine hazikuwa nayo. Washindani waliishi pamoja na kufunzwa kuimba, kupumua na kusimama mbele ya hadhira kabla ya mshindi kutangazwa. Lilikuwa shindano na chuo kwa wakati mmoja. Lakini lilitegemea mfuko wa kampuni ya pombe, na baada ya msimu wa 2013 chuo hicho kilifungwa pamoja na shindano.

Kora yenyewe, iliyoanza 1996 na kujigamba kuwa tuzo ya Afrika nzima, iliishia kwa aibu. Sherehe ya 2016 ilitarajiwa kufanyika Windhoek, Namibia, mwezi Machi. Bodi ya utalii ya nchi hiyo ilikuwa imelipa dola milioni 23.5 za Namibia kwa ajili ya matayarisho. Sherehe haikufanyika.

Fedha hizo zingetosha kuwasomesha wanamuziki wengi wachanga kwa miaka mingi. Badala yake ziliingia katika usiku mmoja ambao haukupambazuka.

Si kwamba tuzo hazina maana. Sauti Sol waliponyakua tuzo ya MTV Ulaya ya msanii bora wa Afrika mwaka wa 2014, milango ya majukwaa ya nje iliwafungukia zaidi. Tuzo humtangaza msanii, humpa nguvu ya kudai malipo bora, na huwaonyesha wazazi kwamba mtoto anayepiga gitaa si mpotevu.

Tatizo ni kwamba tuzo humfikia aliyekwisha kufaulu. Humkuta msanii kileleni na kumpigia makofi. Haimsaidii yule aliye njiani, ambaye hana ala, hana mwalimu, wala hana nauli ya kwenda mazoezini. Na kwa kuwa nyingi hudhaminiwa na kampuni za kibiashara, uhai wake hutegemea bajeti ya matangazo. Mauzo yakishuka, tuzo hufa.

Nishani bila riziki

Kwa upande wa serikali, sheria zipo. Sheria ya Heshima za Kitaifa ya 2013 inaeleza jinsi nishani zinavyotolewa, na kila mwaka orodha ya wanaotunukiwa huchapishwa. Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya 2014 inatambua mashujaa wa nyanja mbalimbali, sanaa ikiwemo, na iliweka msingi wa kuundwa kwa baraza la kushughulikia masuala yao. Kipengele cha 11 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali kukuza utamaduni kupitia sanaa, fasihi na sherehe za jadi.

Kwenye karatasi, kwa hivyo, msanii wa Kenya ni mtu anayethaminiwa. Nishani humwongezea herufi tatu nyuma ya jina lake. Lakini herufi hizo hazimpi bima wala hazimlipii kodi ya nyumba.

Chukua mfano wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi bila hata kufikiria. Mcheza ngoma au mwigizaji wa kujitegemea hana hati ya mshahara. Hukadiriwa mapato, kima cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi, na mchango wake umepangwa kulipwa kwa mwaka. Kwa mtu ambaye hupata fedha Desemba na kukaa bila kazi hadi Aprili, utaratibu huo ni mzigo, na wengi hujikuta nje ya bima siku wanayoihitaji.

Tofauti hujitokeza wazi mtu anapowatazama wanariadha. Kenya iliporejea kutoka Olimpiki za Paris 2024 na medali 11, nne zikiwa za dhahabu, zawadi zilijulikana: Sh3 milioni kwa dhahabu, Sh2 milioni kwa fedha na Sh1 milioni kwa shaba. Wanariadha wengi huajiriwa katika polisi, jeshi na magereza, na hivyo hufanya mazoezi huku wakilipwa mshahara. Wengine huchukuliwa na vyuo vikuu vya Marekani kwa ufadhili kamili kwa sababu ya miguu yao tu.

Mwanariadha mchanga wa Iten anaiona ngazi mbele yake na anajua kila kidato kina nini. Mcheza sarakasi wa Nairobi au mpiga isukuti wa Kakamega haoni ngazi yoyote. Anachoweza kutumainia ni kuonekana na mtu mkubwa siku moja, na mtu huyo awe na moyo mzuri.

Hapa ndipo kiini cha suala hili kilipo. Mwanariadha hupewa kwa mujibu wa kanuni, ilhali msanii hupewa kwa hisani. Kanuni huweza kupangiwa maisha. Hisani huja na kwenda na aliyeitoa.

Wapo wanaopinga ulinganisho huo. Wanasema saa haidanganyi, na anayekata utepe wa kwanza ndiye mshindi, lakini sanaa haina saa. Nani ataamua kwamba mwimbaji huyu anastahili na yule hastahili?

Hoja hiyo ingekuwa na uzito lau nchi hii isingekuwa na uzoefu wa miongo mingi wa kuamua jambo hilo hilo. Tamasha za muziki zilianza 1927, enzi ya ukoloni. Tamasha za drama za shule na vyuo zilianza 1959. Kila mwaka maelfu ya wanafunzi hupanda jukwaani kuanzia ngazi ya chini hadi ya kitaifa. Waamuzi hutoa alama, hueleza sababu, na washindi hujulikana.

Waamuzi, basi, hawajakosekana. Kinachokosekana ni kile kinachofuata uamuzi wao.

Cheti kisichofungua mlango

Mwanafunzi anayeibuka mwigizaji bora katika tamasha la kitaifa hupata cheti na, akiwa na bahati, shule yake hualikwa kutumbuiza mbele ya Rais. Muhula unaofuata hurejea darasani kama ambaye hakuna kilichotokea. Hakuna nafasi ya chuo inayomsubiri kwa sababu ya kipaji hicho, wala karo iliyotengwa kwa ajili yake.

Akifika chuo kikuu anaweza kuomba mkopo wa HELB kama mwanafunzi mwingine yeyote. Lakini mkopo huo humwangalia kama mtu mwenye uhitaji. Haumwangalii kama mtu mwenye kipaji kinachohitaji kulelewa. Anayetaka kusomea muziki atahitaji pia ala yake mwenyewe, na bei ya fidla au tarumbeta nzuri huwatoa jasho hata wazazi wenye kazi.

Suala hili sasa lina uzito mpya kwa sababu ya mabadiliko ya mtaala. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walitarajiwa kuingia Gredi ya 10 ya Sekondari Pevu Januari 2026, wakiwa na mikondo mitatu ya kuchagua. Mmoja wa mikondo hiyo ni wa sanaa na michezo. Wizara ya Elimu ilikadiria kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wangefuata sayansi na teknolojia, asilimia 25 sayansi za jamii na asilimia 15 sanaa na michezo.

Asilimia 15 ya kizazi kizima ni watoto wengi sana. Kwa mara ya kwanza serikali yenyewe imewaambia kwamba kuimba, kucheza na kuigiza ni masomo kamili yanayoweza kumwelekeza mtu katika kazi. Mtoto aliyeahidiwa hivyo ana haki ya kuuliza: Nikimaliza, nani atanipokea?

Iwapo jibu litakuwa kimya, mkondo huo utageuka jaa la kutupiwa wanafunzi ambao hawakupata nafasi kwingine. Wazazi watawakataza watoto wao kuuchagua, na hawatakuwa na makosa.

Mbegu zilizokwisha kuota

Ipo mifano inayoonyesha kwamba ufadhili huzaa matunda. Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, mradi wa Ghetto Classics ulianza 2008 kwa kuwafunza watoto muziki wa ala. Wengi wao hawangewahi kuigusa fidla maishani. Tamasha la jazi la Safaricom lilipoanzishwa 2014, mapato yake yalielekezwa kwa mradi huo. Vijana walioanza kama wanafunzi sasa huwafunza wadogo wao.

Katika mtaa wa Ngara, Sarakasi Trust, iliyoanzishwa 2001, imewafunza wacheza sarakasi na wacheza densi ambao baadhi yao wamepata kandarasi za kutumbuiza ughaibuni. Nayo serikali huajiri wasanii kuliko wengi wanavyodhani. Bendi za polisi, jeshi na magereza pamoja na wachezaji wa Bomas of Kenya hulipwa mishahara. Hii inathibitisha kwamba msanii anaweza kuwa mfanyakazi mwenye heshima kama karani au mwalimu.

Lakini mifano hiyo pia ina onyo. Miradi mingi ya aina hii hutegemea wafadhili wachache, na mfadhili akiondoka, darasa hutikisika.

Majirani wa Zanzibar wanalijua hilo vyema. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kinachojulikana kama DCMA, kilianza kufunza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kikawa nguzo ya taarabu katika Mji Mkongwe. Karo iliwekwa chini ili watoto wa kawaida waweze kujifunza udi, kanuni na ngoma, na sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na wahisani wa nje. Ufadhili huo ulipokauka 2019, chuo kilitangaza kwamba huenda kikafunga milango, kikalazimika kuomba msaada hadharani.

Ni kinaya kwamba muziki wa kisiwa hicho ulikuwa umetuzwa kote ulimwenguni. Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX mwaka wa 2005. Mwaka wa 2022, Yahya Hussein Abdallah wa Tanzania alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa katika Tuzo za Muziki za Aga Khan zilizofanyika Muscat, Oman. Dunia inauvisha pete muziki wa Waswahili, huku chuo kinachoufunza muziki huo kikihangaika kulipa walimu.

Kenya ilichukua hatua moja muhimu 2018 ilipounda Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, inayopata fedha kutokana na ushuru wa kamari. Neno sanaa limo katikati ya jina hilo. Lakini Wakenya wanapoitaja hazina hiyo, wengi huikumbuka kwa viwanja, timu za taifa na marupurupu ya wachezaji. Msanii amekuwa kama mgeni aliyealikwa karamuni kisha akasahauliwa kupakuliwa.

Mlezi na mwanafunzi

Nchi nyingine zimepata njia za kuunganisha heshima na malezi. Japani ilipitisha sheria ya kuhifadhi mali za utamaduni mwaka wa 1950, na kuanzia 1955 imekuwa ikiwateua mabingwa wa sanaa za jadi, wakiwemo waigizaji, wacheza densi na wapiga ala. Umma huwaita hazina hai za taifa. Kila mmoja hupokea yeni milioni 2 kwa mwaka, na hutarajiwa kuendeleza ujuzi wake na kuurithisha kwa vijana.

Mpango huo una hekima ndani yake. Mzee haheshimiwi kwa sababu ameugua wala kwa sababu amekaribia kuzikwa. Anaheshimiwa akiwa na nguvu ya kufunza, na fedha anazopewa humfikia pia mwanafunzi anayeketi miguuni pake. Tuzo na ufadhili huwa kitu kimoja.

Ireland nayo ilianza 2022 kuwalipa wasanii 2,000 euro 325 kwa wiki, mpango wa majaribio wa miaka 3. Waliofaidika waliteuliwa kwa kura ya bahati nasibu miongoni mwa waombaji waliotimiza masharti. Hivyo hapakuwa na nafasi ya kuuliza nani anamjua nani.

Kenya haina utajiri wa Japani wala wa Ireland, na hakuna anayedai iwaige neno kwa neno. Lakini hitaji lipo na limeandikwa. Mwaka wa 2014, UNESCO iliiorodhesha ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Sababu mojawapo ni kwamba wanaoijua ni wazee, na vijana hawajifunzi kwa wingi kwa kuwa hawaoni faida.

Kuwalipa wazee 20 wa isukuti posho ya kila mwezi, kila mmoja akiwa na wanafunzi 5, si gharama ya kuifilisi serikali ya kaunti. Ni pungufu ya kile kinachotumiwa kukodi mahema, magari na vipaza sauti katika sherehe chache za viongozi. Ngoma hiyo hiyo hualikwa katika sherehe hizo kuwachangamsha wageni, kisha wapigaji hurudishwa makwao na soda mkononi.

Haki kabla ya hisani

Baadhi ya wasanii wenyewe hawapendi mazungumzo haya ya ufadhili. Wanashikilia kwamba lau wangelipwa mirabaha yao inavyopasa, hawangehitaji mfadhili wala mchango wa matibabu.

Wana ushahidi wa kutosha. Mwaka wa 2019, wanamuziki wengi walipandwa na hasira baada ya kupokea takriban Sh2,500 kila mmoja kutoka kwa shirika la MCSK, licha ya muziki wao kuchezwa kwenye matatu, mikahawa na redio mwaka mzima. Mara kwa mara leseni za mashirika ya kukusanya mirabaha hubatilishwa, mashirika mapya huibuka, kesi hupelekwa mahakamani, na fedha hukwama katikati.

Marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya 2022 yalileta nafuu kiasi. Yaliweka wazi kwamba mwenye haki apate angalau asilimia 52 ya mapato ya nyimbo zinazotumiwa kama miito ya simu. Hiyo ndiyo maana ya kanuni: msanii anajua fungu lake hata kabla wimbo haujapigwa.

Hata hivyo, mirabaha pekee haitoshi. Mcheza densi hana wimbo wa kuuza kwa simu. Mwigizaji wa jukwaani hulipwa kwa usiku aliocheza, na pazia likifungwa mapato yake nayo hufungwa. Mpiga isukuti hupiga mdundo uliorithiwa na jamii nzima, si mali ya mtu mmoja. Kwa hao wote, hakimiliki ni mwavuli wenye matundu, na ufadhili ndio unaoweza kuyaziba.

Mkono unaotoa

Lipo suala jingine ambalo haliwezi kukwepwa. Anayetoa tuzo na karo anaweza pia kutaka kuchagua wimbo.

Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walifika katika tamasha la kitaifa la drama mjini Nakuru na mchezo wao, Echoes of War, ulioigusa serikali na malalamiko ya vijana. Mchezo huo ulikuwa umezuiwa awali, na ilibidi mahakama iamuru uruhusiwe. Polisi walirusha vitoza machozi kuwatawanya waliofika kuutazama. Wasichana hao waliimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza.

Tukio hilo liliwafunza wasanii wachanga somo baya, kwamba jukwaa ni la anayesifu. Katika mazingira kama hayo, hazina ya kufadhili wasanii ikiwekwa mikononi mwa waziri au mwanasiasa itageuka mfuko wa kuwatuza waimbaji wa kampeni. Tayari kila msimu wa uchaguzi wapo wanaopata mashati, magari na ahadi kwa kutunga nyimbo za chama, na baada ya kura kuhesabiwa husahaulika kama wengine.

Kwa hivyo, kanuni za ufadhili ni muhimu kuliko kiasi cha fedha. Waamuzi wawe watu wa fani, wenye muhula maalumu na wasioweza kufutwa na waziri. Vigezo vitangazwe kabla ya maombi kupokelewa. Majina ya waliofaulu na kiasi walichopata yachapishwe. Kipengele cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa, na ufadhili wa umma haupaswi kuwa mlango wa nyuma wa kuunyakua uhuru huo.

Mambo yanayowezekana

Mengi ya yanayohitajika hayadai sheria mpya. Sehemu ya fedha za Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii inaweza kutengewa karo ya washindi wa tamasha za muziki na drama, idadi yao ikijulikana kila mwaka. Vyuo vikuu vyenye idara za muziki na uigizaji vinaweza kuwatengea nafasi vijana hao, jinsi vyuo vya nje vinavyowatengea nafasi wakimbiaji wetu.

Serikali za kaunti, zenye jukumu la utamaduni katika maeneo yao, zinaweza kuwalipa mabingwa wa ngoma za jadi wafunze shuleni, hasa sasa ambapo mkondo wa sanaa unahitaji walimu. Nishani ya kitaifa kwa msanii inaweza kuandamana na bima ya afya ya maisha, ili herufi zilizo nyuma ya jina lake ziwe na kazi anapofika hospitalini. Kampuni zinazodhamini tuzo nazo zinaweza kutakiwa zitenge sehemu ya bajeti ya usiku ule kwa mafunzo, badala ya yote kuishia kwenye zulia jekundu na fataki.

Hakuna lolote kati ya hayo litakalozuia msanii kuugua au kuzeeka. Lakini litamwondolea fedheha ya kusimama mbele ya kamera akiomba, baada ya kusimama jukwaani akitumikia.

Oktoba 20 itarejea mwaka huu kama kawaida. Vikundi vya ngoma vitaamka usiku wa manane, vitasafirishwa hadi uwanjani, vitacheza juani mbele ya viongozi na kushangiliwa. Baada ya hotuba, wachezaji watatafuta njia ya kurudi nyumbani. Miongoni mwao huenda yumo Achieng Abura mwingine, mwenye umri wa miaka 15, ambaye amechagua mkondo wa sanaa kwa sababu serikali ilimwambia anaweza. Kama hakuna aliyeandika jina lake popote siku hiyo, makofi aliyopigiwa yatakuwa ndiyo malipo yake yote.